Chuma Ndani ya Moteri

Kashikishi, Nchelenge
6 Agosti 2024

Mama Felistus wa Chisenga,

Hatujaandikiana hata siku moja, na salamu ndefu sina nafasi nazo, kwa maana Lévi ameshaingia kwenye mtumbwi, ameshika kamba ya moteri yake na ananikodolea macho. Mimi ni Angèle, yule mwanamke wa Kongo katika gereji ya Ba Sampa, nyuma ya soko. Ulipotuachia kamioneti yako ulinicheka, ukasema hujapata kuona mwanamke mwenye grisi mpaka kwenye kope.

Mtu akikuambia gari liko tayari, usimwamini. Kuna chuma ndani ya moteri yako. Nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Ba Sampa anataka tunyamaze, yeye na mimi, usijue kitu. Mimi nimekataa. Gari ni lako, kwa hiyo bila neno lako sifungui. Lakini mpaka neno lako lifike, hakuna atakayeigusa, nakuapia.

Nijibu kwa mkono wa Lévi huyuhuyu. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Inakoroma kidogo, halafu inakata.

Angèle wa gereji


Kashikishi
7 Agosti 2024

Yaya Méschac,

Kabla watu wa soko hawajakufikishia habari huko kambini Mantapala kwa chumvi na pilipili yao, kaka yangu, sikia kwangu mdogo wako. Nimegombana na patron, Ba Sampa wa gereji.

Kuna mama mmoja Mzambia, Felistus, mjane. Ananunua chisense kisiwani Chisenga, wale samaki wadogo wa kuanika mchangani, anawapeleka kuwauza Kasama kwa Toyota ya zamani aliyoachiwa na mumewe. Alituletea tusafishe karburateri. Ba Sampa akaitoa mwenyewe. Nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu, akailazimisha, na rondeli ya chini yake, ile pete ndogo ya kukaza, ikavunjika vipande viwili. Kimoja kilianguka mchangani, nikakiokota. Cha pili kiliingia kwenye tundu la moteri lililobaki wazi. Nilisikia ting, ting, halafu kimya.

Unaikumbuka sheria ya baba kule Kalemie. Ukifungua tundu la moteri, ziba kitambaa kwanza, hata kama nyumba inaungua. Ba Sampa hazibi. Anasema vitambaa ni mambo ya wanawake.

Nikamwambia, "Patron, kipande ingine imeingia. Tusiwashe kwanza."

"Washa tu, Angèle. Moteri inakula, inatema. Itatoka na moshi."

"Moteri haiko mbuzi, patron. Haitemake."

Akacheka, akaingia, akageuza ufunguo mwenyewe. Ka! Mlio mmoja tu, yaya, lakini ulinipasua kifua. Niling'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Unajua kipande kile kitafanya nini kikizungushwa. Kitakwaruza ukuta wa silinda, kitapinda vali, au kitatoboa pistoni, na mama wa watu atakwama porini na mzigo wake, halafu ataambiwa gari limezeeka.

Sasa nimefanya hivi. Nimefungua demareri, ile mashine inayoizungusha moteri ikiamka, nimeifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Naenda nayo sokoni, nakwenda nayo kanisani. Gari lenyewe liko juu ya mawe, halina magurudumu, halisukumiki. Ba Sampa anasema nisipoirudisha atawaambia polisi kwamba mkimbizi ameiba kifaa cha gari. Aseme. Akinifukuza hapa, najua, hakuna gereji nyingine Nchelenge itakayonipokea, na mimi bila gereji ni nani? Hata hivyo sirudishi.

Na wewe usiniandikie kuniambia nirudishe. Nakufahamu.

Mdogo wako mwenye kichwa kigumu,
Angèle


Chisenga
9 Agosti 2024

Mayo Angèle,

Mulishani mukwai, hujambo mama. Barua yako niliisoma nikisimama, nikaisoma tena nikikaa, halafu nikaiingiza ndani ya nguo. Kiswahili changu ni cha samaki na chumvi, nilijifunza kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, lakini lile neno moja nimelielewa vizuri sana.

Chuma! Nilijua, mayo, nilijua! Mume wangu Mumba hakuwa mtu wa kuniacha mikono mitupu. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anafungua boneti, anakaa na moteri yake, anainong'oneza. Mimi nilikuwa namcheka. Kumbe ni hapo ndipo alipoificha.

Nikueleze ujue nafurahi kwa nini. Tulipomzika, shemeji zangu wawili, Chibwe na Blessings, walitoka Chienge wakachukua nyavu, wakachukua mtumbwi, wakachukua kitanda, wakang'oa mpaka mlango wa jiko. Gari halikuwaka siku ile. Chibwe akalipiga teke mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Hii takataka abaki nayo." Leo takataka ina chuma! Mungu hasinzii. Mjane mwenye chuma hachekwi na mtu.

Usifungue mpaka nije. Usimwonyeshe mtu, na zaidi ya wote Chibwe asisikie. Ningekuja leo, lakini chisense wangu wako mchangani bado wabichi. Nikiondoka, nusu watakula ndege na nusu majirani.

Niambie kitu kimoja tu nipate usingizi. Ni kubwa?

Anayekuombea kwa Lesa, Mungu wetu,
Felistus, mke wa Mumba


Kashikishi
11 Agosti 2024

Mama Felistus,

Sijawahi kuona mwenye gari akishangilia habari kama hii. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, nikasema labda jua la kisiwani limekuwa kali.

Marehemu mwache apumzike, hakuficha kitu na hana kosa. Chuma hiyo ni ya Sampa, imetoka mikononi mwake. Unauliza ukubwa. Ni ndogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Lakini usiidharau, ndogo hiyo inaweza kukumaliza.

Acha kungoja samaki. Nipe ruhusa niitoe sasa. Kila kukicha Ba Sampa anatafuta njia ya kunizunguka, na mimi nimechoka kulala na jicho moja wazi kwa ajili ya gari la mtu anayecheka.

Angèle


Chisenga
13 Agosti 2024

Angèle,

Leo sikuiti mayo.

Chuma ya Sampa? Tangu lini? Sampa alimwoa Mumba? Sampa alimfulia Mumba, alimzika Mumba? Naona mmeshaongea wewe na yeye, mmeshapatana.

Na unaniambia ni kama ukucha. Lévi amekuja jana na habari za Kashikishi. Umeonekana sokoni umebeba kitu kizito mgongoni, kimefungwa kitenge, hutaki mtu akiguse, unalala nacho. Ukucha gani unabebwa kwa kitenge? Mimi sikusoma sana, lakini si mjinga.

Nilikosea jambo moja, nalisema. Siku ile nilipopata barua yako nilicheza. Niliimba pale ufukweni, na kisiwa kizima kikasikia. Sasa maneno yamevuka maji, na nasikia yamefika Chienge kwa Chibwe. Basi nimezungukwa, huku shemeji, huko wewe.

Chisense wakikauka tu nakuja. Nikikuta umegusa chuma yangu nitakupeleka boma. Nimeibiwa na ndugu za mume wangu, sitaibiwa tena na mkimbizi.

Felistus


Mantapala
14 Agosti 2024

Angèle mdogo wangu,

Ulinikataza kuandika, naandika. Mimi ndiye niliyekushika mkono tukivuka mpaka, bado sijauachia.

Habari zako ziko kila bomba la maji hapa. Wengine wanasema umeiba gari, wengine wanasema umeokota dhahabu, wengine eti umezaa kitu cha chuma. Mke wangu Chouchou anacheka, mimi sicheki. Rudisha hiyo demareri. Rudi nyumbani. Mihogo yetu mwaka huu imekubali, kuna shamba la kukutosha. Mgeni hapigi kelele katika nyumba ya watu, hata kama paa linavuja. Anasogeza mkeka wake, basi.

Gari si lako. Kosa si lako. Mwenye gari mwenyewe, nasikia, anakutukana. Unampigania nani?

Na lile sanduku la vifungulo la baba, zile spana zake unazoniomba kila mara, lisahau. Nililibeba kichwani kutoka Kalemie, silitumi kwa mtu anayetafuta jela. Liko chini ya kitanda changu, na litakaa hapo.

Kaka yako anayeogopa kwa niaba yako,
Méschac


Kashikishi
16 Agosti 2024

Yaya,

Keti chini kwanza. Nimeujua ugonjwa wa hii habari yote. Ni neno moja.

Jana Chibwe, shemeji ya Mama Felistus, alishuka kutoka Chienge na mdogo wake Blessings. Walikuja gereji na kundi la watu nyuma, Ba Sampa akawafungulia geti kama wafalme. Chibwe akapiga boneti kwa kiganja.

"Fungua! Ichuma ya kaka yetu iko humu!"

Mimi nilikuwa juu ya boneti, nimekaa, demareri mgongoni. Nikamjibu, "Ni kweli, chuma iko humu. Na hamutaigusa!"

Yaya, watu walipiga yowe! Wengine walianza kusukumana wapate kuona. Chibwe akanyoosha mkono kwenye kitenge changu. Nikamwambia, "Gusa huyu mutoto wangu uone." Akausogeza mkono nyuma.

Ni Esnart aliyetuokoa, yule mama wa vitumbua pale getini. Alipita katikati ya watu na mwiko wake unaochuruzika mafuta, kila mtu akampisha kwa kulinda nguo zake. Akaniuliza, "Mayo, unasema chuma gani? Ya kutajirika ao ya kugonga na nyundo?"

"Ya nyundo! Ingine ni gani?"

Akashika kiuno. "Mwebantu! Ile ya nyundo sisi tunaiita ichela. Ichuma ni mali. Ni utajiri!"

Nikajipiga kiganja kwenye paji la uso. Mwaka mzima pasta wa hapa anahubiri kwa Kibemba kwamba watu wanapenda ichuma kuliko Mungu, kwamba ichuma itawapeleka motoni, na mimi nikiinama kwenye benchi nikidhani anatusema sisi mafundi.

Esnart akawatangazia wote kwa Kibemba. Wengi walicheka, wakatawanyika. Chibwe hakuamini. Alisema mkimbizi ni mwongo, kwamba watarudi, watadai ichuma igawanywe mbele ya wazee wa kanisa. Ba Sampa alikuwa anatazama viatu vyake. Mbali na mimi, yeye peke yake alijua tangu mwanzo ni kitu gani kiko ndani, na aliwaacha waamini ni mali.

Unaniuliza nampigania nani. Huyo mama ameniita mwizi, ameniita mkimbizi kama vile ni jina la ugonjwa, na imeniuma, sikufichi, nimelia. Lakini nilikimbia risasi, yaya. Sikukimbia kazi. Moteri haijui nimetoka wapi. Inajua tu nani aliziba tundu na nani hakuziba. Nikinyamaza mara moja kwa sababu ni mgeni, nitanyamaza mpaka nife, na mikono hii aliyonifundisha baba itakuwa ya kung'oa mihogo tu. Sogeza mkeka wako wewe. Mimi nitapanda nizibe paa.

Angèle


Kashikishi
16 Agosti 2024

Mama Felistus,

Tumepotea njia kwenye neno moja, wewe ukashika upande huu, mimi upande ule. Kwetu chuma ni kile kitu cha misumari na majembe. Ninyi mnaita ichela. Niliposema kuna chuma ndani ya moteri, nilisema kuna kipande cha ichela kimeangukia ndani Ba Sampa alipokuwa anafungua karburateri. Hakuna mali, mama. Hakuna aliyeficha. Ninachobeba mgongoni ni demareri ya gari lako, nimeing'oa ili mtu asiwashe moteri ikajisaga.

Ndani ya barua hii nimefunga nusu ya ile rondeli iliyovunjika. Ishike. Nusu yake nyingine ndiyo iliyo kwenye moteri, na ndiyo niliyoipigia kelele.

Najua nimekuvunja moyo, na nasikitika kwa sababu yako. Lakini kuomba radhi siombi, kwa sababu sikukudanganya hata kwa neno moja. Wewe ndiwe uliyeniita mwizi.

Sasa chagua. Ukiandika kwamba nimeiba, nitakwenda boma mwenyewe, nitaiweka demareri mezani mbele ya polisi, na watanirudisha Mantapala, gereji kwangu itakuwa imekwisha. Ukiandika kwamba nifungue, nitafungua. Ila kuwashwa na ichela ndani, halitawashwa nikiwa hai.

Angèle Ilunga, fundi


Chisenga
18 Agosti 2024

Mayo Angèle,

Nakuita mayo tena, kama utakubali.

Nimeshika kile kipande usiku kucha na asubuhi yote. Nilikaa kando ya chisense wangu nikalia, majirani wakadhani nimefiwa mara ya pili, na kweli nilifiwa. Nilikuwa nimeshajenga nyumba kichwani, mayo. Nilikuwa nimeshaweka mlango wa jiko. Zaidi ya mali, nilifikiri Mumba alinikumbuka, kwamba alijua ndugu zake watakavyonifanya na akaniwekea kitu mahali wasipopajua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko utajiri.

Halafu hasira zikanijia, na hasira zimenisaidia. Nikasema, Felistus, amka. Mumba hakukuachia ichuma, alikuachia gari. Ndugu zake walilipiga teke, wewe ukalitafutia mafundi mpaka likawaka, ukaliendesha mpaka Kasama wanaume wakishangaa. Hicho si kitu? Na leo mtu mmoja tu duniani amekaa juu ya boneti yake kulilinda, na mimi nimemtukana.

Lile neno mkimbizi, nilivyolitupa, nalirudisha mdomoni mwangu, nimelimeza, na ni chungu. Nisamehe. Wewe hukuomba radhi, vizuri, usiombe. Mimi naomba.

Nimempa Lévi ujumbe, amwambie Sampa kwa sauti, sokoni, watu wakisikia: demareri ni mtoto wangu, na Angèle ndiye niliyempa ambebe. Anayetaka polisi aje kwanza kwangu.

Chibwe ametuma watu hapa kisiwani. Anasema ichuma ya kaka yao igawanywe nusu kwa nusu, yeye na Blessings, na mimi nitapewa kitu kidogo cha kufutia machozi. Nimeambiwa hawaamini hadithi ya ichela. Sawa, nimejibu kwamba nitawaletea mwenyewe mpaka Chienge.

Fungua, mayo. Nakuja kesho kutwa. Ukiipata ile nusu ya pili, usiitupe.

Felistus


Kashikishi
23 Agosti 2024

Yaya Méschac,

Imetoka!

Mama Felistus alisimama karibu yangu wakati wote, ananuka chisense, hapepesi jicho. Kwanza nilitoa njia yote ya hewa nikatazama, hakuna kitu. Basi iko chini, kwenye silinda. Nikatoa bugi, ile plagi ya cheche, nikaizungusha moteri kwa mkono polepole mpaka pistoni ikashuka, nikaingiza sumaku niliyoitoa kwenye redio iliyokufa, nimeifunga kwenye waya. Mara ya kwanza, patupu. Mara ya pili, patupu. Mama Felistus akaanza kuomba kwa Kibemba. Mara ya tatu nikasikia tik. Kitu kidogo mno, yaya, tik, lakini nilipiga kelele mpaka Esnart akaacha vitumbua vyake kwenye mafuta.

Nikamulika ndani. Kuna mkwaruzo mmoja mdogo kwenye kichwa cha pistoni, ukuta ni mzima. Ule mlio mmoja wa ufunguo haukuharibu. Wa pili ungeharibu. Nikarudisha kila kitu, demareri mwisho kabisa. Mgongo wangu sasa unaiulizia.

Ba Sampa alikuja akatazama. Akasema, "Kumbe ilikuwa humo kweli." Nikasema, "Ilikuwa humu tangu siku ile, patron, na ulijua." Akaanza kuokota vifungulo vyake. Nilivua ile ovaroli yake, nikaikunja, nikamwachia kwenye kiti. Hakunifukuza. Mimi ndiye niliyeondoka.

Mama Felistus amenipa baraza la nyumba yake ya hapa Kashikishi anayohifadhia chisense, pale pale barabarani, na yeye ndiye wa kusimama na mimi nikiulizwa kibali. Tumepata ubao, nimeandika neno moja tu kwa rangi nyekundu: CHUMA. Wakongo wanasoma wanajua kuna fundi. Wabemba wanasoma wanakuja kuulizia utajiri, wakifika wanajikuta wameniachia baiskeli.

Kazi ninayo, vifungulo sina. Nilivyokuwa navyo vilikuwa vya Ba Sampa. Sikuombi tena, yaya. Nakwambia tu.

Angèle


Mantapala
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Chouchou alinisomea barua yako mbele ya jirani zetu wote. Walipiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Sanduku linakuja na lori la mahindi, dereva ni mtu wa kanisa letu. Nimepaka mafuta kila kifungulo. Juu kabisa utakuta kitambaa cha baba, kile cha kuzibia matundu. Kilikuwa humo miaka yote, sikukitoa.

Bado naogopa. Piga kelele tu.

Méschac


Chienge
27 Agosti 2024

Mayo Angèle,

Naandika nimeegemea usukani, kando ya barabara, na bado nacheka.

Nilifika asubuhi na gari langu. Chibwe alikuwa ameandaa kila kitu, mayo. Mikeka, viti vya kukodi, mzee wa kanisa katikati, majirani pembeni, wengi wao ni walewale waliokuwepo kwenye msiba. Yeye na Blessings walikuwa wamevaa makoti. Makoti, kwenye joto lile!

Nilishuka na kitenge kile kile ulichobebea demareri, nimekikunja mara nyingi, nimekishika kwa mikono miwili kama sadaka. Watu wakanyoosha shingo. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikasalimia kama mke aliyelelewa vizuri, nikaanza kukunjua.

Chibwe alikuwa ameinama mpaka nasikia pumzi yake. Mkunjo wa mwisho ukafunguka, ile rondeli yako ikaonekana, nusu mbili, bado ina grisi.

Nikasema, "Shemeji, hii ndiyo chuma iliyokuwa ndani ya moteri ya kaka yenu. Mlitaka nusu kwa nusu. Mungu mwenyewe ameshaikata. Hii yako, hii ya Blessings. Nyavu mlichukua bila kuniuliza. Hii nimewaletea mwenyewe."

Mzee wa kanisa alianza kukohoa, halafu ikajulikana si kikohozi. Majirani wakashikana mabega. Blessings aliinua yake juani, anaigeuza hivi na hivi, maskini, bado anatumaini ni fedha. Nilimnyooshea Chibwe ile nyingine, akawa hana budi kuipokea, watu wote wanatazama. Ikampaka grisi kwenye mkono wa koti.

Akasema kwa hasira, "Basi gari libaki hapa. Gari ni la ukoo."

Nikasimama. Nikawageukia watu. "Siku ya msiba shemeji alilipiga teke hili gari. Alisema nini? Nani anakumbuka?"

Mama mmoja mzee, hata simjui jina, akajibu kutoka nyuma, "Alisema takataka abaki nayo."

"Basi," nikasema, "takataka inaondoka."

Nikapanda. Mayo, hapo ndipo nilipoogopa. Nilisema moyoni, Angèle, kama kuna hata chembe umeisahau humo ndani, leo nimekwisha. Chibwe alikuwa amesimama mbele ya boneti, ameikunja ngumi yake juu ya ile nusu, anangoja nishindwe. Wote walikuwa wanangoja.

Nikageuza ufunguo. Liliitika mara moja.

Felistus, mwenye gari